Kishingo na Tenga la Mama Mkubwa

Enzi zetu kuku na binadamu walikuwa wapangaji wa nyumba moja. Pale kijijini kwetu Kasansa kuku walilala chini ya kitanda, jogoo anakuwikia sikioni, na hakuna aliyelalamikia harufu. Nyie wajukuu mnaoziba pua mkipita bandani, mbona supu mnaomba kuongezwa?

Adui yetu alikuwa kideri, ule ugonjwa wa kuku. Mpunga ukishavunwa, jua limekaza, unaona kuku mmoja anasinzia. Ukigeuka, ua mzima umelala miguu juu. Mwaka mmoja wa miaka ile ya tisini tulibaki na tetea mmoja tu, Kishingo, shingo tupu kama kashanyonyolewa tayari kwa sufuria. Mama aliniahidi vifaranga vyake vya kwanza viwe vyangu. Nilimpenda yule kuku kuliko gauni langu la Krismasi.

Ndipo ikaja semina ya ufugaji, pale parokiani. Mama hakujua kusoma, mimi shule niliigusa tu, tukaenda hivyo hivyo, Kishingo kwapani, maana bwana mifugo aliomba kuku wa kufundishia. Akatuonyesha: mlaze ubavu, tone la chanjo jichoni, ngoja apepese. Halafu akasema neno lililowafanya kina mama wagune. Chanjo inakawia kushika, kwa hiyo kuku wa kijiji kingine msiwapokee, hata wawe wa nani.

Waligunia nini? Kwetu kideri kikiingia kwako, wazima unawakimbizia kwa ndugu. Na ndugu hakatai.

Haukupita muda, nikamwona mama mkubwa, dada yake mama aliyeolewa kijiji cha pili, anakuja na tenga la kuku kichwani. Mama alitoka mbio akasimama njiani, mikono kaitanua kama anazuia ng'ombe.

“Dada, wewe karibu. Kuku waishie hapo.”

“Wanakufa, mdogo wangu! Semina ya siku moja, umeshakuwa daktari?”

“Nitukane tu, dada. Ila tenga usishushe kwangu.”

Mama mkubwa alikaa chini palepale, akalia. Nami nikalia, hata sijui nilikuwa namlilia yeye au Kishingo. Mama akachukua panga. Alikwenda mwisho wa shamba, akakata mabua, akajenga kibanda. Kuku wakakaa kule, mama mkubwa akawalisha mwenyewe, na kila akirudi ananawa mikono na miguu ndipo aingie ndani. Karibu wote walikufa, tukawafukia. Kishingo hata chafya hakupiga.

Vifaranga vyake vilipokua kidogo, mama akaniambia, “Ni vyako. Sasa mgawie mama yako mkubwa.” Nikagawa, roho inaniuma. Mama mkubwa akacheka huku anafuta machozi: “Kumbe ulinizuia njiani ili unitoe na mzigo!”

Mama yangu, Mungu amlaze pema. Leo nina banda linalojaa, chanjo natia mwenyewe, na wajukuu wananitafutia dawa kwenye simu. Nashukuru, tena sana. Ila siku hizi ndugu akifiwa na kuku anatuma ujumbe, mambo yakiwa yameshapoa. Hakuna tena anayetokea njiani na tenga kichwani, ana hakika kwangu ni kwake.

Ningemsimamisha palepale, ndiyo. Halafu ningeanza kukata mabua.