Video yangu ya miraa iliisha, ikaingia ya mwizi, wakamvunja Muthomi vidole

Admin, nifiche jina, ingawa wa hapa Kangeta wakisoma watajua ni mimi, kwa sababu hakuna mwingine anajigamba hivi. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na nane, nina bibi na watoto, nauza miraa. Shule niliachia darasa la saba lakini dunia nimeisoma yote. Mandera nimefika, Kampala nimefika, Dubai nimekanyaga hata kama sikutoka nje ya uwanja wa ndege. Kiingereza naongea mpaka mzungu anaomba msamaha.

Mwaka huu nikajitengenezea tovuti. Yangu mwenyewe, jina langu juu kubwa kama la mgombea. Wateja wa Mombasa walikuwa wananisumbua, "Mkubwa, hii miraa ni ya jana!" Na miraa ikilala imekufa. Nikaamua kila asubuhi napiga video ikichumwa, mteja aone umande bado uko kwa majani. Sasa, video yenyewe haikai kwa tovuti yangu, ni nzito. Unaipandisha kwa ule mtandao mkubwa wa video, unanakili ile "code" yake, unabandika kwako, kadirisha kanatokea na mtu anatazama akidhani yote iko kwako. Nilijifundisha peke yangu. Nikazunguka soko lote nikisema, "Kila kitu mnaona pale nimepiga mimi, kwa shamba langu!"

Shida ni moja. Video yangu ikiisha, kadirisha kanajiwekea nyingine, ya mtu nisiyemjua kabisa. Kuna mahali pa kuzima hiyo. Nilipaona. Sikuzima, kwa sababu watu walikuwa wanakaa sana kwa tovuti yangu, na mimi napenda watu wakikaa.

Nyota wa video zangu ni Muthomi, mchumaji wangu. Ametoka huko Mbeere, ana bibi na mtoto mchanga. Vidole vyake vinaokota kichipukizi chekundu bila yeye kuangalia, huku anakupigia hadithi. Kila siku ni sweta ile ile ya kijani.

Wiki jana baba mkwe wangu, Mzee Kaberia, aliamka akapata miti yake ya mbaine, ile miraa mizee ya babu yake, imekwanyuliwa usiku mpaka matawi yamevunjika. Hapa kwetu ukivunja mbaine umevunja mtu. Mchana wanaume wakajaa sokoni na panga na hasira. Mmoja akafungua tovuti yangu kwa simu. Wakamwona Muthomi juu ya mti, sweta ya kijani. Video ikaisha. Ikaingia nyingine, mtu juu ya mti, sweta ya kijani, kofia imefunika uso, anakwanyua matawi akiangalia nyuma, na sauti inapiga kelele, "Mwizi!" Ilipigwa mahali pengine, hata sijui wapi. Lakini kwa macho yao ilikuwa sinema moja.

"Baba, si huyo ni mtu wa shemeji!" akasema Mwenda, kijana wa Mzee Kaberia.

"Na shemeji mwenyewe ndiye amempiga video," mwingine akajibu. "Si husema kila kitu kwa hiyo tovuti amepiga yeye?"

Muthomi alikuwa ameketi anafunga miraa. Walimfunga mikono na zile zile kamba za mgomba alizoshika. Teke la kwanza lilimpata mdomoni. Mimi nilikuwa napakia gari, nikasikia bibi yake akilia uuui, nikakimbia. Nilipofika uso wake haukuwa uso tena. Mwenda ameinua jiwe, anasema, "Huyu hatachuma tena maisha yake."

"Si yeye! Hiyo video si yangu!"

Wakacheka. Admin, walicheka. "Leo si yako? Wewe ambaye hata mvua ikinyesha ni yako?"

Jiwe likashuka kwa mkono wa kulia. Halafu wa kushoto. Ile sauti ni kama kuvunja muwa kwa goti, bado naisikia nikila. Nikajitupa katikati, panga ikanipasua bega. Mtu akaitisha petroli. Hapo nikamlalia Muthomi juu, damu yangu na yake pamoja, nikawaambia watuchome wawili, petroli yao iishie kwa kilo zangu nyingi. Mzee Kaberia akaniangalia. Nadhani alimwona binti yake akiwa mjane. Akasema, "Imetosha."

Kesho yake nikampelekea simu, nikamwonyesha pale video yangu inaisha na ile ingine inaanza. Akatazama mara mbili.

"Umeonyesha nani mwingine?"

"Hakuna, baba."

"Basi usionyeshe. Huyo akiwa hana hatia, Mwenda ni wa jela. Na wewe usisahau ni kwa tovuti ya nani."

Bibi yangu naye ameniambia nikimfunga ndugu yake, anarudi kwao na watoto.

Jana nilienda hospitali Meru mjini. Muthomi amefungwa bandeji mikono yote, bibi yake anamnywesha uji. Daktari amesema vidole vingine havitakunjika tena. Muthomi akanitabasamia kwa meno yaliyobaki.

"Mdosi, uliniokoa. Sasa nisaidie kitu kimoja. Niweke kwa ile tovuti yako niseme sikuiba. Watu wanaiamini sana."

Mimi ambaye sijawahi kukosa neno hata Dubai, nilisema tu pole.

Anatolewa Ijumaa na anarudi Kangeta, hana kwingine. Sokoni wameapa wakimwona watamalizia. Nikiwaonyesha ukweli, nyumba yangu imevunjika na pengine jiwe linalofuata ni la vidole vyangu. Nikinyamaza, watamzika kama mwizi.

Ile mahali pa kuzima nimeshazima. Sasa video ya Muthomi ikiisha, kadirisha kanabaki keusi. Sijaweza kuifuta, kwa sababu ni pale tu vidole vyake bado vinachuma, na wateja wa Mombasa bado wanaandika kusifu hiyo mikono.

Ndugu zangu, dada zangu, Ijumaa ndiyo hiyo. Nichekeni mkitaka, lakini mniambie: nianzie wapi?