Ishirini na Moja Ilikuwa na Mwenyewe

Jumapili ile mezani tulikuwa watatu: mimi, binti yangu wa mwisho aliyekuwa fundi wa umeme katika kiwanda cha juisi ya maembe upande wa Matuu, na wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, aliyekuja kula isyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na kuulizia habari za watu. Majina yao ninayo, na ya nyanya zao pia, lakini binti amenikataza kuyaandika, basi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kiwandani walikuwa wameleta kisanduku cha kuendesha mashine, kile wanachokiita PLC, na binti yangu ndiye aliyepewa kukipangia kazi. Mashine ilikuwa ikiosha chupa vizuri, lakini chupa zikianza tu kuhesabiwa, maji yanakatika. Meneja akamwambia kwamba Jumatatu jioni ikifika bado iko hivyo, kazi ile anampa fundi mwanaume kutoka Nairobi, na yeye arudi kubadilisha balbu.

Chakula hakukigusa. Alikuwa ameinamia daftari la hesabu, lile la miraba.

"Hebu nisomee," nikamwambia. "Shule niliachia darasa la tatu, lakini kupanga watu ninajua."

Akanieleza kwamba ndani ya kile kisanduku kuna vyumba vyenye namba, na kila kitu cha mashine kinapewa chumba chake. Joto la maji, kumi na tisa. Hesabu ya chupa, ishirini. Muda wa kuosha, ishirini na moja. Akaendelea hivyo hadi chini ya ukurasa, hakuna chumba hata kimoja kitupu.

"Mbona umewabana hivi?" wifi akauliza. "Hata kuku wa soko la Kithyoko wanaachiwa nafasi ya kupumua."

"Muulize huyu!" Binti akanielekezea kalamu. "Ukiacha nafasi katikati ya mahindi, atakuuliza nthooko zitapandwa kwa baba yako?"

Ni kweli. Nthooko, yaani kunde, nilizipenyeza kila mahali. Mvua yetu ni chache, na mahali patupu shambani mimi nilipaona uvivu. Hivyo ndivyo nilivyomlea.

Nikaanza naye upya polepole, kama ninavyotaja watoto wa ukoo, huyu ni wa nani na anakaa na nani.

"Ishirini ni nani?"

"Hesabu ya chupa."

"Ni mdogo ama ni mkubwa?"

"Mkubwa, mwaitu," akasema, maana kwetu mama huitwa hivyo. "Chupa ni nyingi, chumba kimoja hakimtoshi. Nilimwandikia amri ya namba kubwa, ile inachukua viwili..."

Kalamu ilikuwa imesimama juu ya ishirini na moja.

"Viwili namna gani," wifi akasema, "na cha pili kiko na mwenyewe?"

"Anamlalia!" binti akasema. "Kila akihesabu, sehemu yake ya pili, ambayo bado haina kitu, inaandika sufuri juu ya muda wa kuosha. Mashine inaona haina dakika za kuosha, inafunga maji."

"Aiya! Kumbe ni shida ya godoro!" Wifi akacheka mpaka akashika mbavu.

Binti hakucheka. Alifungua ukurasa mpya, akazihamisha hesabu kubwa mbali, kuanzia mia moja, kila moja na vyumba viwili. Kila baada ya kundi akaacha vyumba kumi vitupu. Vile vitupu viliniuma macho.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya mashine ambayo hawajanunua, mwaitu. Wacha vikae."

Nikaviacha.

Jumatatu maji hayakukatika. Meneja alisimama akitazama chupa zikipita, pongezi hakutoa, ila alimwambia aanze kupanga na mashine ya vifuniko. Yule wa Nairobi hakuitwa.

Nimewaza mara nyingi kwamba somo nililompa mtoto kwa upendo lilikaribia kumpokonya kazi, naye hajawahi kunilaumu. Labda namba si hizi nilizoandika. Kama wewe ni fundi, au ulikuwapo kiwandani, na unajua zilikuwa nyingine, niambie nirekebishe, maana kichwa changu kinashika watu kuliko namba.