Fundi Rangi na Damu Iliyochelewa

Fundi rangi mmoja alikuwa na miaka hamsini na mbili, mrefu kiasi cha kupaka dari akiwa amesimama sakafuni, ndiyo maana wenzake walimwita Twiga. Asubuhi moja, akiwa juu ya jukwaa la ghorofa ya pili, kifua kilimbana, jasho jembamba likamtoka, brashi ikamponyoka. Shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye walifanya kazi pamoja, akamshusha na kumkimbiza hospitali. Mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa umeziba. Madaktari wakauzibua, na siku ya tano akarudi nyumbani.

Wiki sita zikapita. Twiga akipanda vidato vitatu tu, anahema. Ukuta mmoja, anaketi mara nne. Shemeji, ambaye kazi yote ilikuwa imemwangukia, alivumilia mpaka yakamfika shingoni.

"Shemeji, mshipa si umezibuliwa? Naona umenogewa na kudekezwa."

 Twiga mwenyewe alishaanza kujishuku.

Mkewe ndiye aliyekata shauri. "Nendeni hospitali wote wawili," alisema. "Na wewe, kaka, uingie mpaka ndani, ukasikie kwa masikio yako."

Daktari wa moyo, mama mwenye sauti ya chini, akamlaza Twiga kwa ubavu wa kushoto, akamwekea kifuani kifaa cha mashine ya kuonyesha picha ya moyo, na kumchoma mkononi dawa yenye vipovu vidogo mno. Vipovu husafiri na damu, akaeleza. Vikifika kwenye nyama ya moyo, nyama hung'aa kwenye kioo cha mashine. Akabonyeza kitufe, vipovu vikapasuka, moyo ukawa giza.

"Sasa hesabuni mapigo."

Shemeji akahesabu kwa sauti. Pigo la nne, karibu moyo wote ulikuwa umeng'aa tena. Pigo la kumi, kipande cha mbele, karibu na ncha, kilikuwa bado cheusi tii.

"Mashine imeharibika?" shemeji akauliza.

"Mashine ni nzima. Mshipa mkubwa uko wazi, ila vile vidogo vinavyogawa damu ndani ya nyama, vyembamba kuliko unywele, viliumia. Damu inafika mlangoni, ndani haiingii vizuri. Huyu anachoka kweli."

"Basi si uvivu," Twiga alisema, uso ukiwa umeelekea ukutani.

 Shemeji alimsaidia kufunga vifungo vya shati, kimoja akakikosea tundu.

Tangu hapo shemeji alipanda jukwaani peke yake, Twiga akabaki chini kuchanganya rangi na kupaka fremu za milango. Alimeza dawa kwa wakati, akatembea kila jioni kwa kipimo alichopewa. Baada ya miezi minne kipimo cha vipovu kilirudiwa. Nusu ya kile kipande iling'aa, kwa kuchelewa, kwenye pigo la sita. Nusu ya pili ilibaki nyeusi, na daktari akasema huenda ikabaki hivyo.

"Jukwaani je?" Twiga aliuliza.

"Hapana."

Akavaa viatu. Alasiri hiyo fremu saba zilikuwa zinamngoja. Akapaka tano, mbili akaziacha za kesho, akaenda zake kulala.