Kipande cha Leso ya Mama Mahamri

Mimi ndiye niliyekata leso ya mama mahamri. Haya, nimesema. Nilikuwa darasa la tano, nilitumia makasi ya shosho, nyanya yangu, na mpaka leo kuna akina mama wanaoapa kwamba ilikuwa kazi ya mganga.

Nisingesema, ila wiki jana kikundi chetu cha kanisani kilituma ujumbe kwa simu: mwenzetu anaanza matibabu ya kansa, kila mmoja alete kitambaa tumshonee blanketi la viraka. Mimi ni mtu wa nyumbani, rafiki yangu. Hata maziwa natamani yangekuja yenyewe kwa miguu. Lakini ujumbe ule uliniinua kitini. Nikafungua kabati, nikaanza kusitasita: nitoe nguo niliyoivaa, au nikanunue mpya? Na nikiwa hapo nimeshika gauni kuukuu, nikajikuta tena Makongeni, kwenye zile nyumba za reli, nimebeba karai nikipiga hodi mlango hadi mlango.

Mgonjwa alikuwa shosho, aliyenilea. Jina la ugonjwa halikutajwa. Watu walisema "ule ugonjwa", kisha wakatazama kando. Akirudi kutoka hospitali kubwa alitetemeka hata jua likiwa kali, na blanketi letu la siku zote alilisukuma chini kwa sababu dawa zilimwacha na ngozi inayouma. Akaniambia, "Nenda uombe majirani vitambaa. Si vipya. Nataka kitu kilichovaliwa kikafuliwa mpaka kikachoka." Zilikuwa zimebaki wiki mbili arudi wodini kudungwa dawa tena, na alitaka kwenda na blanketi lake.

Kumwomba mtu wa safu yetu chumvi ni rahisi. Mwombe kipande cha nguo aliyoivaa, atakukagua kuanzia nywele hadi patipati miguuni. Nguo ina jasho la mwenyewe. Jasho likiingia nyumba yenye ugonjwa usiotajwa, nani ajuaye litatoka na nini? Mke wa fundi cherehani alinipa mabaki ya yunifomu, magumu kama kadibodi, na kitambaa kimoja tu cha gauni lake. Mama wa maombi alikiombea kitambaa chake kwanza, kisha akakipima kwa vidole mara mbili, kana kwamba nitakirefusha njiani. "Ni cha kushona tu?" wengine waliuliza. "Hebu apa." Nikaapa. Niliapa sana mwaka ule.

Lakini mimi niliyemshuku kwamba anamtakia shosho mabaya ni mama mahamri, muuza mahamri wetu. Kila asubuhi harufu yake ya iliki na mbaazi za nazi ilipita chini ya milango yetu, na leso alikuwa nazo kuliko mtu yeyote. Yeye na shosho walikuwa hawasemezani tangu wagombanie mahali pa kuanika nguo. Siku shosho alipopelekwa hospitali nilimwona akicheka. Kwamba huenda alikuwa anacheka na mteja, hilo halikunijia. Nilikuwa mpelelezi, si mtu wa kufikiri. Sikumwomba hata. Nilivizia leso yake kambani, nyekundu na nyeusi, imefuliwa mpaka ikawa laini kama sikio la mtoto mchanga, nikakata karibu na pembe moja, penye ua la korosho, kipande cha ukubwa wa kiganja.

"Mama mahamri amekupa hiki," nikamwambia shosho.

Alikiweka shavuni. "Kumbe," akasema. Akakishona pale shavu lake lingelala.

Asubuhi yake kulikuwa na kelele bombani. Mama mahamri ameinua leso juu, jua linapenya kwenye tundu la mraba.

"Hii ni panya? Semeni! Panya wa hapa siku hizi wana makasi?"

"Ashindwe!" mama wa maombi akaruka. "Hiyo imepelekwa kwa mganga."

"Na nani?"

"Si yuko hapa hapa, anateka maji na sisi!"

Na kweli nilikuwa nateka maji, kwa adabu ambayo ingenitia hatiani mbele ya mtu yeyote mwenye macho. Kuanzia siku hiyo nguo zilianikwa ndani ya nyumba, zikidondosha maji juu ya vitanda. Akina mama waliamkuana huku wakiangaliana mikono.

Kilichofuata sikukitarajia. Walianza kurudi kuchukua vitambaa vyao. Mke wa fundi alikuja wa kwanza: kile cha gauni, kumbe ni cha dadake. Mama wa maombi alisema ameoteshwa. Shosho hakubishana na yeyote. Alishika wembe, akafumua mshono mmoja mmoja kwa vidole vilivyovimba, akawarudishia mkononi. Kufikia Jumamosi blanketi lilikuwa na matundu matano, na Jumatatu wodi ilikuwa inamngoja. "Wananiogopa," akaniambia akitabasamu, "mpaka nyuzi zangu." Nilijua waliyemwogopa ni yule mwenye makasi, si yeye. Nikanyamaza. Kunyamaza huko kunaniuma kuliko makasi.

Jumapili baada ya kanisa, mama mahamri akapiga hodi. Nikajua nimekwisha. Akaingia, akamwona shosho amelala, ua jekundu la korosho chini ya shavu lake.

Shosho akafungua macho. "Karibu, mama. Asante kwa kile kitambaa. Na mimi nilidhani bado umenikasirikia."

Mama mahamri akanitazama. Nikatazama sakafu.

"Pole, mama," akajibu. "Ni kitu kidogo."

Akatoka. Akarudi na leso iliyobaki, na pacha yake pia, maana leso huuzwa mbili mbili, akaketi kitandani, akaomba sindano. Walishona bila maneno mengi mpaka matundu yote yakajaa wekundu. Mimi niliwatungia uzi huku nikizidi kumshuku: mbona hasemi?

Jumatatu shosho alikwenda nalo. Alizimaliza zile dawa, akaishi mpaka nikaingia kidato cha tatu, na tulimzika na lile blanketi. Mama mahamri alirudi kwao Pwani zamani. Mimi sasa nakaa nyuma ya geti la chuma, nguo zangu zinakauka bafuni, na jirani wa juu namjua kwa kikohozi tu. Hakuna wa kuniomba kitambaa, hakuna wa kunishuku. Nilidhani huo ndio utulivu. Siku hizi nashuku kwamba ni upweke.

Lile gauni kuukuu nimelikata, nitalipeleka. Lakini sitajisifu, kwa sababu nakumbuka Jumapili ile, fundo la mwisho lilipokwisha kufungwa, mama mahamri alivyonivuta sikio hadi nje. Nilifumba macho, machozi yakinitoka, nikingoja kofi. Halikuja. Akainama, akaniambia:

"Ukirudia, nakukata masikio. Na uache kulia, maana ungeniomba, ningekunyima."