Maneno ya Nyuma ya Picha

Tovuti yangu ina picha mia moja themanini na tatu. Nilizihesabu Jumatatu, nikazirudia Jumanne, kwa sababu nilikuwa nazikabidhi kwa mtu mwingine, na mtu mwingine ni mtu mwingine. Mfumo niliokuwa nautumia tangu nianze kuandika habari za mashamba na minada ya huku kwetu ulikuwa unafungwa. Wenye nao walitupa miezi mitatu tuhamie kwingine.

Fundi wa tovuti niliyemwendea ana chumba Kizota, katikati ya wachomelea mageti. Unaongea naye kwa awamu: wao wakinyamaza, ninyi mnasema. Siku ya nne akanipigia kwamba amemaliza kuhamisha.

Makala nilizikuta zote, na picha zote. Nikafungua nyuma ya picha ya kwanza, panapokaa maelezo yake. Patupu. Ya pili, patupu.

"Fundi, maneno yangu yako wapi?"

"Maneno gani tena, mzee? Makala si hizo hapo?"

"Ya nyuma ya picha."

"Aa, yale! Mfumo mpya haukuyabeba. Ila yale hayaonekani, mzee. Nani anayasoma?"

Anayeyasoma namjua. Ni mwalimu mstaafu, mama aliyesomea Buigiri kwenye shule ya watoto wasioona, na simu yake humsomea tovuti kwa sauti. Miaka kadhaa iliyopita aliipata namba yangu chini ya ukurasa, akapiga kunisuta: "Mwanangu, unaandika 'tazama picha hapo juu'. Nitazame na nini?" Tangu siku hiyo sijaweka picha bila kuieleza kwa maneno nyuma yake, mahali simu yake inapochungulia.

Nikamweleza fundi. Akakuna kidevu.

"Kwa hiyo ni msomaji mmoja."

"Mmoja. Nimemhesabu mara mbili."

Akaja na dawa yake: mfumo mpya una akili bandia, unaitazama picha na kuieleza wenyewe. Akaijaribu kwenye picha ya shangazi yangu akipepeta uwele. Ikaandika: "Mwanamke ameshika sahani kubwa nje ya nyumba."

"Sahani?" nikamwambia. "Anapepeta kwa sahani?"

"Lakini mwanamke imepatia."

"Hata mimi mwanamke ningepatia."

Akaniasa nisishindane na wakati, dunia inakwenda mbele. Nikamwambia iende salama, mimi sihami mpaka maneno yahame. Basi akasema njia iliyobaki ni kuyanakili kwa mkono, moja moja. Nadhani alitaka kunitisha. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye benchi lake la wateja na kompyuta mapajani, mfumo wa zamani upande huu, mpya upande ule. Nanakili, nabandika, nahakiki. Wachomelea mageti wakipita wananiuliza, "Bado ngapi, mzee?" Nawatajia. Wanacheka, wanarudi kwenye cheche zao.

Nilipofika ya sabini na mbili fundi akavuta kiti. "Nipe kuanzia mia na hamsini mpaka mwisho. Kukuangalia tu nachoka." Nikampa. Alipomaliza nikayapitia yake yote, nikakuta makosa matatu, nikamwonyesha. Hakufurahi, lakini alirekebisha.

Siku tuliyomaliza nikapiga simu palepale, nikaweka sauti ya nje.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umehama?"

"Nimehama. Fungua ile picha ya Mtera."

Fundi akatoka kuwaomba majirani watupe dakika moja. Akarudi, tukaisikia simu ya pili ya mwalimu ikisoma, bila haraka: wanawake watatu kando ya barabara, mbele yao samaki wakavu kwenye beseni, wa katikati anacheka. Fundi akaniinulia dole gumba.

"Nimeipata," akasema mwalimu. Kisha, kwa sauti ileile ya kusahihisha daftari: "Huyo wa katikati anamcheka nani?"

Nikamtazama fundi. Fundi akatazama dari.

"Sikuandika, mwalimu."

"Hukuandika. Mwenzio nimekaa hapa, mtu anacheka, mimi sijui kuna nini."

"Mzee," fundi akaninong'oneza, "hii si tumeshafunga?"

Alikuwa ananicheka mimi, yule muuza samaki wa katikati, kwa sababu nilitaka kupunguziwa bei na bado nimpige picha bure.

"Fungua," nikamwambia fundi. "Andika ninavyokutajia."