Gesti Yenye Marumaru

Msimu wa mabibo, Nachingwea nzima hunukia uraka, pombe yetu ya mabibo. Mwaka jana nilimleta mume wangu, mtu wa Dodoma kwenye zabibu, aje aionje. Mimi na shida hatupatani, kwa hiyo nilikagua mashuka ya gesti nne mpaka nikapata yenye marumaru, kiyoyozi na mapazia ya kung'aa.

Kosa langu: shangazi yangu anakaa Naipingo, humohumo wilayani, na kwetu mwenye shangazi halali gesti. Habari zikamfikia. Asubuhi akabisha hodi, ndoo ya uraka kichwani, mkeka kwapani. Hakugomba. Alibonyeza godoro, akavua kandambili, akajilaza katikati ya kitanda.

"Umechagua vizuri, mwanangu," alisema. "Huo mkeka nimewaletea nyinyi."