Waridi Juu ya Ngozi

Mwezi wa tano nilirudi Mpanda, nikaingia duka moja la manukato ya kupima karibu na soko, kukimbia jua tu wala si kununua. Unanijua, mimi na manukato wapi na wapi. Kijana wa duka hakuniacha. Alipulizia kikaratasi, akanieleza kwamba hayo ni maua yaliyochanganywa na ngozi, na kwamba si ya kila mtu. Nilinusa mara moja nikaomba kiti. Akadhani nimeyapenda, maskini. Kumbe nimesharudi mtaani kwetu Makanyagio, nina miaka tisa, na jirani yetu anapita mlangoni.

Yeye na mumewe walikuwa mafundi viatu. Nyumba yao na yetu zilitenganishwa na ua wa mabua tu, kwa hiyo asubuhi zetu zilianza na nyundo yao, na wao walijua siku tuliyokaanga samaki wa migebuka. Mume alikaa kwenye cherehani pale barazani. Mke alikata soli za matairi, alipaka gundi, alichora ngozi kwa chaki. Lakini kabla hajagusa chochote alifungua kichupa cha mafuta ya waridi, akagusa nyuma ya masikio, halafu viganja. Kufika saa nne waridi limeshaingia kwenye ngozi, na ngozi kwenye waridi, huwezi kuvitenganisha tena. Tulimjua anakuja kabla hatujamwona.

Si kwamba alikuwa mtu wa kujipamba. Alikuwa mama wa maneno machache, mkali kidogo. Ukimpelekea kiatu kilicholika upande mmoja alikigeuzageuza, akakutazama miguu, akasema, "Kiatu hakina kosa. Unaburuta." Wanawake wa mtaa walimwambia anaringa, fundi viatu gani wa kunukia hivyo. Mama yangu alimuuliza siku moja kwa utani, naye akajibu bila kucheka kwamba kutwa nzima anashika ngozi ya mnyama aliyekufa, basi aachwe naye anukie kama aliye hai. Nilipenda jibu lile. Nilipenda kila kitu chake, nikuambie ukweli.

Kisha mumewe akafa, kwa homa ya siku chache tu, na jirani akaingia eda. Sisi tulikuwa Wakristo, tumehamia mtaani kutoka Katumba hata mwaka haujaisha. Eda sikuijua. Niliona tu kwamba hatoki, anavaa nyeupe, na mimi ndiye ninayetumwa bombani na dukani kwa niaba yake. Hakuna aliyenieleza kwamba mjane wa Kiislamu hagusi manukato miezi minne na siku kumi. Pengine walidhani mtoto hahitaji kujua. Mimi nilichojua ni kwamba nikiingia chumbani kwake nakuta harufu ya ngozi peke yake, kavu, na yeye amekaa kitandani amevimba macho. Nikaona mama wa watu ameacha kunukia kwa sababu ya huzuni. Na kwetu nilifundishwa kwamba mtu akilemewa na huzuni, unamsaidia yale anayoshindwa kuyafanya mwenyewe.

Siku ya arobaini ndugu za mume walikuja kutoka Tabora. Uani masufuria ya pilau, ndani ubani, watu wamejaa mpaka mlangoni. Jirani alikuwa bafuni. Mtandio wake mweupe ulikunjwa juu ya kitanda, na kichupa nilijua kilipo, kwenye kikapu chini ya nguo. Nilimwaga matone kwenye mtandio, kisha nikaona hayatoshi, nikaongeza. Mengine yaliniangukia mkononi yakashuka hadi kiwiko. Alirudi, akajitanda haraka maana alikuwa akiitwa. Pua yake ilikuwa imeziba kwa kulia wiki nzima, na ubani ulifunika mengine.

Uliyafunika kwa muda. Wanawake walipokaa wamebanana na joto likapanda, waridi likaamka. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la kunawisha, nikaona wifi yake ameacha kula. Akamsogelea, akashika ncha ya mtandio, akaipeleka puani.

"Kaka yangu leo ndiyo kwanza arobaini," akasema. "Wewe unamnukia nani?"

Jirani naye akaunusa mtandio. Nilimwona anaelewa. Akainua macho, akayapitisha juu ya vichwa vyote mpaka yakanifikia mimi pale mlangoni, na mimi nikaurudisha mkono wangu nyuma ya gauni. Alinitazama muda mfupi tu. Kisha akamgeukia wifi yake.

"Ni mimi," akasema. "Nilijisahau."

Niliendelea kunawisha watu kwa mkono mmoja.

Jioni ile ile ndugu wa mume walikaa kikao, wakaamua kwamba mwanamke ambaye ana mtu tayari haachiwi kazi ya marehemu. Kesho yake walipakia cherehani ya viatu kwenye gari wakaondoka nayo. Mtaani maneno yakatembea. Waliomwonea huruma wakaanza kusema lisemwalo lipo, kama halipo laja, wakakaa kumsubiri huyo bwana atokee. Hakutokea. Mama yangu alipomuuliza kilichotokea, alijibu kwamba siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi niliyekuwa nachota maji pale pale nilitamani ardhi ipasuke.

Siku eda ilipokwisha alioga, akapaka waridi nyuma ya masikio mchana kweupe, akatoka barazani akaanza kushona viatu kwa mkono. Sindano nene, uzi wa nta, ngozi imebanwa katikati ya magoti. Kazi ambayo cherehani ingeimaliza kwa dakika chache yeye alikaa nayo mpaka jua kuzama. Vidole vyake vilitoboka, vikapona, vikatoboka tena, mwisho vikawa vigumu kama kazi yenyewe. Mimi nilikuwa namuona kila siku nikienda na kurudi shule. Naye alinishonea viatu vyangu kila vilipopasuka, na hakuwahi kunisema zaidi ya kwamba naburuta.

Nilimwambia nikiwa nasoma ualimu, likizo moja, nimekaa kwenye kigoda chake nalia kama mtoto. Hata hakusimamisha sindano.

"Nilijua siku ile ile," akasema. "Ulikuwa unanukia kuliko mimi."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akakata uzi kwa meno.

"Ningesema ni wewe, wangesema watu wa Katumba wamekuja kuharibu eda ya mtu. Nyie mlikuwa wageni, mama yako angehama na nyie wote mgongoni. Mimi nilikuwa kwangu. Mtu akiwa kwake anasemwa na anakaa."

Nikasema basi nitakwenda kuwaambia sasa. Akajibu kwamba yeye ameshazoea, lakini kama mimi sijazoea, niseme. Likizo ikaisha, nikarudi chuoni. Baadaye nikapangiwa kazi mbali, nikaolewa, nikawa na sababu nyingine na nyingine. Alifariki nikiwa huko huko. Wanasema hata pale mazishini yupo aliyekumbushia habari ya marashi.

Ndiyo maana mwezi wa tano nilirudi. Nilisikia wifi yake bado yupo, aliolewa Kibaoni, ana mashamba ya mpunga. Nilimkuta anaanika mpunga uani, bibi mwenye nguvu zake na akili zake timamu, akanikaribisha vizuri, akanipa maji. Nikamweleza yote, tangu kichupa mpaka mtandio. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatikisa kichwa polepole, mtu anayejitahidi kweli kukumbuka.

"Marashi?" akasema. "Mwanangu, habari ya marashi siikumbuki. Cherehani ndiyo naikumbuka. Ilikuwa nzima kabisa."

Nilimshukuru kwa maji, nikatoka. Njia nzima ya kurudi Mpanda niliwahesabu wanawake waliokuwa kwenye chumba kile, mmoja mmoja, nikitafuta hata mmoja aliye hai wa kumwambia kwamba jirani yetu hakuvunja eda. Sikumpata.